Kutoka Bangboka Hadi Makiso: Mtaa wa Wakubwa Ulioniteka

Niseme mapema, asije mtu akadai nilimficha: Makiso ya Kisangani ndio mtaa wa zamani ulionipendeza kuliko yote niliyowahi kuikanyaga. Nimezaliwa Unguja, Mji Mkongwe naujua uchochoro kwa uchochoro. Oysterbay ya Dar es Salaam nimeishi, Kololo ya Kampala nimealikwa, Muthaiga ya Nairobi nimeizunguka na kuchungulia mageti yake. Kote huko kuna raha yake. Lakini Makiso! Barabara pana zenye miembe mikongwe, nyumba za miaka ya 1950 zenye baraza za kukaa jioni nzima, Mto Kongo unapita hapo chini kwa uzito wake wote, na watu wanakukaribisha kwa Kiswahili, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pwani yetu. Nimerudi nyumbani na bado usiku nazunguka mitaa ile kichwani.

Utamu unaanza ukiwa bado angani. Kutoka Kinshasa ndege inakata msitu kwa takriban saa mbili, na dirishani ni kijani kitupu, kijani kisichokwisha, mpaka mto unajitokeza, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, umejaa visiwa. Kisha unashuka Bangboka. Uwanja huu uko kilomita 17 hivi mashariki ya mji, katikati ya mashamba na msitu, na njia yake ya kurukia ndege ina urefu wa mita 3,500, kiasi cha kupokea ndege kubwa bila wasiwasi. Kule magharibi kuna uwanja wa zamani, Simi-Simi, ambao siku hizi ni wa jeshi. Abiria wote wa kiraia ni wa Bangboka. Oktoba 2024 Rais Félix Tshisekedi alikuja kuuzindua upya baada ya kazi kubwa ya ukarabati, na unaiona tofauti mara unaposhuka ngazi. Niliwahi kusimuliwa habari za kusukumana jua kali huku mizigo ikimwagwa uwanjani. Mimi nilipita kwa utulivu, nikagongewa muhuri, nikasalimiwa, nikatoka.

Nje, hewa ya Kisangani inakushika mwili mzima. Mji huu uko nusu digrii tu kaskazini ya Ikweta, na joto lake ni lenye maji, joto la msitu, lina harufu ya majani, moshi wa makaa na mawese. Barabara ya kuingia mjini ni maonyesho yenyewe! Akina mama wamebeba mikungu ya ndizi kichwani, vijana wanasukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makaa hadi huoni anayesukuma, madumu ya mawese mekundu yamepangwa kando ya njia yakisubiri mteja. Baiskeli ni habari ndefu Kisangani. Miaka ya vita, mafuta yalipokosekana na magari yakalala, mji mzima ulibebwa na baiskeli za abiria ziitwazo toleka, zenye kiti cha sponji nyuma na vijana wenye mapaja ya chuma. Leo pikipiki zimeshika soko, lakini toleka bado zipo, na ninawasihi mpande japo moja. Mwendo wake ndio mwendo wa kuuona mji.

Dereva wangu wa pikipiki alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kupunguza mwendo kila tulipokaribia kitu alichokipenda. Tulipita pande za mashariki zenye nyumba zilizobanana, masoko ya njiani, makanisa ya mabati na msikiti, redio zikiimba Kilingala huku wauzaji wakipatana bei kwa Kiswahili. Kisha barabara ikafunguka, miti ikafunga juu yetu, kelele zikashuka. Akageuza shingo: "Mama, hii sasa ni Makiso. Fungua macho."

Nikafungua.

Kisangani ina komuni sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, hii ya mwisho ikiwa ng'ambo ya mto. Makiso ndiyo ya katikati, ndiyo ya ofisi na maduka, na ndiyo iliyokuwa makazi ya Wazungu wakati mji ukiitwa Stanleyville. Humo mna mitaa kama Plateau Boyoma, na mingine bado inabeba majina ya enzi ile: Plateau Médical, Commerçants, Musiciens, Rubens. Fikiria mtu alikaa ofisini, akaamua mtaa mmoja katika kitovu cha Afrika uitwe kwa heshima ya wanamuziki na mwingine uchukue jina la mchoraji wa Antwerp aliyefariki mwaka 1640! Watoto wanaocheza mpira Rubens hawana habari naye, na mpira wao ni mzuri sana.

Sasa nyumba. Hapa lazima nisimame, maana nyumba ndizo zilizoniondoa akili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ubelgiji ilianzisha Mpango wa Miaka Kumi wa 1949 hadi 1959, na fedha za kahawa, pamba, mpira na mawese zikawa zinapita bandari ya mji huu kwa wingi. Wasanifu wakapewa viwanja vikubwa, saruji na uhuru. Matokeo yake yamesimama mpaka leo: mapaa ya zege yaliyochomoza mbele bila nguzo, kuta zilizopinda, ngazi za nje zinazopanda kwa mduara, madirisha marefu ya kuingiza upepo. Ukiwahi kuona picha za majengo ya miaka ile ya Casablanca au Asmara utajua ninachosema, ila hapa msitu umekuja kuishi nayo. Mizizi imeingia uani. Kuvu wa kijani umepanda kuta nyeupe na kuzipa rangi ambayo hakuna fundi angeweza kuichanganya.

Nilisimama mbele ya nyumba moja ya Plateau Boyoma kwa muda mrefu, mpaka mwenyewe akanitokea barazani. Mama wa makamo ya juu, kitenge cha buluu, miwani imening'inia shingoni. Nikapiga hodi na kujieleza kwamba ninapenda nyumba yake, mimi mgeni kutoka Zanzibar. Akacheka kwa furaha. "Ingia, mutoto yangu, usisimame mu jua." Nikaingia.

Wapenzi wasomaji, sakafu ile! Terazo la rangi tatu, kijivu, nyekundu ya matofali na nyeupe, limegawanywa kwa mikanda myembamba ya shaba, na baada ya zaidi ya miaka sitini ya nyayo bado linang'aa kwa kufutwa kitambaa kibichi tu. Ukutani, upande wa magharibi, hakuna dirisha bali ukuta mzima wa matofali ya matundu, kila tofali lina duara ndani ya mraba, na jua la alasiri linapita humo na kuchora sakafu nzima. Nikaweka kiganja kwenye tundu moja: upepo unapita, laini, bila kukoma. Nje palikuwa panachoma, ndani palikuwa pamepoa, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Hii ndiyo akili ya nyumba hizi. Zilijengwa zipumue zenyewe. Baraza ni pana kiasi cha mvua kubwa kunyesha na mtu asisogeze kiti, na Kisangani mvua ni jambo la karibu kila mwezi. Yule mama alinionyesha mfereji wa zege unaopokea maji ya paa na kuyapeleka kwenye birika la uani. Mrefu, umenyooka, hauna ufa hata mmoja. Akaupapasa kama mtu anavyompapasa mtoto wake kichwani.

Nilimuuliza nani alikaa hapa kabla yao. Mzungu wa kampuni ya pamba, akasema, kisha Mgiriki mwenye duka, kisha hakuna mtu, kisha baba yake mume wake. Katika sentensi ile fupi ipo historia ya Makiso yote. Wafanyabiashara Wagiriki, Wareno na Wahindi walikuwa wengi hapa mpaka Novemba 30, 1973, Rais Mobutu alipotangaza kuwa maduka na mashamba ya wageni yapewe Wazaire. Wengi walifunga virago. Baadaye ikaja miaka ya almasi, na ukitembea mtaa wa Commerçants bado unaziona kuta zilizochorwa almasi kubwa kubwa, za buluu na nyeupe, matangazo ya wanunuzi. Naziona picha hizo ni sanaa kamili na natamani mtu azipige picha zote kabla rangi haijapauka.

Lakini nisijifanye sijui mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya nani. Katika Kongo ya Wabelgiji, Mwafrika alikuja mitaa hii kufanya kazi, na usiku alitakiwa awe ameondoka au awe na kibali mkononi. Baraza zile nzuri alizifagia, hakuzikalia. Ndiyo maana nilifurahi mno kumwona yule mama amekaa barazani kwake, miguu juu ya kigoda, akimenya karanga. Uzuri wa Makiso ulikamilika siku wenyeji walipoingia na funguo.

Na aliyezungusha funguo hizo alifanya kazi mtaa huuhuu! Nenda Posta Kuu. Patrice Lumumba, kiongozi wa uhuru wa Kongo, alifika Stanleyville mwaka 1944, kijana wa miaka kumi na tisa, akaajiriwa, akawa karani wa posta, akapanda mpaka uhasibu wa hundi za posta. Hapa alisoma vitabu usiku, hapa aliandika makala magazetini, hapa alikamatwa mwaka 1956 kwa kesi ya fedha. Akarudi akiwa kiongozi: Oktoba 1959 chama chake cha MNC kilifanya mkutano mkuu mjini humu, ghasia zikazuka, watu wakauawa, yeye akatiwa ndani tena, na miezi michache baadaye akatolewa gerezani kwenda kukaa mezani Brussels kujadili uhuru. Uwanja ulio mbele ya jengo bado ndio mahali pa mikutano mikubwa ya siasa. Anayetaka kusikika Kisangani huja kusema Place de la Poste. Juni 2022, jino lake, mabaki pekee yaliyorudishwa na Ubelgiji miaka mingi baada ya kuuawa kwake, lilipitishwa katika mji huu kabla ya kwenda kuzikwa Kinshasa. Niliweka mkono kwenye ukuta wa jengo lile nikashindwa kuongea. Watu walikuwa wanapita na bahasha na simu zao, jua likiwaka. Nenda. Tafadhali nenda.

Wapenzi wa muziki, nanyi pia mna hija yenu. Koffi Olomide alizaliwa mji huu mwaka 1956. Na Abeti Masikini, sauti ile iliyoitetemesha Olympia ya Paris mwaka 1973 na Carnegie Hall ya New York mwaka uliofuata, sauti ambayo mama zetu Dar na Mombasa waliichezea mpaka kanda zikakatika, alizaliwa hapa mwaka 1954. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mkuu wa kwanza wa serikali ya Jimbo la Mashariki mwaka 1960, mtu wa Lumumba, na aliuawa Bakwanga mwaka 1961. Nilipolijua hilo, nyimbo za Abeti nilizisikia upya kabisa. Siku hizi mwenge wa sanaa uko kwa Faustin Linyekula, mtunzi wa dansi anayejulikana majukwaa ya dunia nzima, ambaye mwaka 2006 aliihamishia Studios Kabako yake Kisangani badala ya kukaa Kinshasa au Ulaya. Ukisikia wana onyesho au mazoezi ya wazi, acha unachokifanya.

Teremka sasa kuelekea mtoni, kwa miguu, bila haraka. Kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire limesimama karibu na maji, matofali mekundu, madhubuti, na mbele yake mto unajitanua mpaka ng'ambo ya Lubunga inaonekana mstari mwembamba. Mapadre wa Moyo Mtakatifu walifika pande hizi mwaka 1897. Kardinali Laurent Monsengwo aliongoza jimbo hili kuu kabla ya kwenda Kinshasa mwaka 2007. Si mbali na hapo ipo Hôtel des Chutes, ya tangu enzi za mkoloni, inayotazama maji. Mitumbwi yenye mashine inavuka kwenda Lubunga na kurudi siku nzima, imejaa wanafunzi, kuku, magodoro, baiskeli. Ng'ambo ile ndiko ilikoanzia reli ya kwenda Ubundu, kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906 kwa sababu moja tu: hakuna chombo kinachoweza kupita maporomoko. Kutoka Kinshasa mpaka gati hili mto unapitika zaidi ya kilomita 1,700. Hapa meli inafika mwisho. Mji wote upo kwa sababu hiyo.

Wageni mashuhuri wamekuja kuuona mwisho huo kwa zamu. Mwandishi Joseph Conrad alifika Septemba 1890 na meli ya mvuke. Mwongozaji John Huston alikuja mwaka 1951 kupiga filamu ya *The African Queen* kwenye mto Ruiki, kusini ya mji, na Katharine Hepburn na Humphrey Bogart. Miaka michache baadaye Audrey Hepburn akaja kuigiza mtawa katika *The Nun's Story*. Wapenzi wa sinema, mnajua mnachotakiwa kufanya.

Mimi niliyekuwa namtafuta ni Mzanzibari mwenzangu. Kabla ya Hôtel des Chutes, kabla ya terazo na mataa ya barabarani, bwana mkubwa wa maporomoko haya alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimteua kuwa gavana wa Stanley Falls. Nyumba yake ya Shangani naipita tangu utotoni. Utajiri uliojenga mlango ule wa nakshi ulitoka huku, kwa pembe za ndovu na kwa watu waliofungwa minyororo, na yeyote wa pwani anayekuja Kisangani aje akilijua hilo. Alipoondoka, utawala ukabaki kwa mpwa wake Rashid, kisha vita vya 1892 hadi 1894 vikaumaliza. Kilichobaki ni misikiti, majina, na Kiswahili. Nilikaa jioni moja na wazee wa komuni ya Kisangani tukiulizana majina ya mababu. Hawakunipokea kama mtalii.

Kwao ndiko yaliko maporomoko ya Wagenia, watu wa uvuvi, mwendo mfupi kwa pikipiki kutoka Makiso, na hapa naomba mnivumilie maana sitaweza kuzungumza polepole. Ni sehemu ya maporomoko saba ya Boyoma, yale yaliyoitwa Stanley Falls, yaliyotandazwa kilomita 100 hivi kutoka Ubundu mpaka Kisangani, na kwa jumla yanashuka mita 60 tu. Usisubiri ukuta wa maji wa kupigia picha za harusi. Subiri mto mzima, takriban mita za ujazo 17,000 kila sekunde, unaotokota juu ya mawe mbele ya miguu yako. Na ndani ya mtokoto ule, wanaume wanavua samaki!

Wamechimbia magogo marefu kwenye matundu ya mwamba, matatu matatu, yakakutana juu, yakafungwa kwa kamba za mimea ya msituni. Safu nzima ya miti hiyo imevuka mapito ya maji. Chini yake inaning'inia migono, mikubwa kuliko yoyote niliyowahi kuiona pwani, yenye mdomo mpana wa kumeza mtu na mkia mwembamba, mdomo umeelekezwa kwenye mkondo. Samaki anayesukumwa na maji anaingia kichwakichwa na nguvu ya mto yenyewe inamzuia asitoke. Hakuna chambo, hakuna ndoano. Nilimtazama kijana mmoja akipanda gogo lililolowa, miguu mitupu, akatembea juu ya mti mwembamba unaotikisika, akajishusha mpaka kiunoni katika maji yanayonguruma, akakamata kamba, akavuta. Mgono ukapanda ukimwaga maji pande zote. Ndani, samaki wawili, mmoja mrefu kama mkono wake. Akawashika matumbuni kwa vidole, akawarusha kwa mwenzake juu ya mwamba, akaurudisha mgono, akapanda. Moyo wangu ulikuwa kooni, yeye alikuwa anapiga mluzi. Kila familia ina sehemu yake ya kutegea, inarithiwa kutoka kwa baba, na hakuna anayegusa mgono wa mwenziwe. Lipia kiingilio kwa wazee wa kijiji, patana bei ya mtumbwi na picha kabla hujatoa kamera, kisha kaa. Usiende kwa nusu saa.

Njaa itakushika. Kula lituma! Ndizi za kupika zimechemshwa, zikatwangwa kwenye kinu mpaka zikawa matonge laini, mazito, ya rangi ya dhahabu, na pembeni samaki wa mto aliyepikwa ndani ya majani kwa pilipili na nyanya, liboke. Unalifungua jani, mvuke unakupiga usoni, harufu ya moshi na mto. Sombe, yaani kisamvu, ya mawese pembeni, na kwanga ya muhogo kwa anayetaka. Nimelelewa kwa pilau na pweza wa nazi na natamka bila kusita kwamba lituma ile ya mama mmoja karibu na soko kuu ni miongoni mwa vyakula vitamu vilivyowahi kuingia kinywani mwangu.

Bustani ya wanyama ya mto Tshopo, upande wa kaskazini, niliipita haraka. Wanyama ni wachache. Lakini kivuli cha miti na maporomoko madogo karibu na bwawa la umeme la miaka ya 1950 vinatosha kwa mchana wa Jumapili, na familia nyingi za mji hufanya hivyo. Wanaopenda soka waulize siku gani TS Malekesa wanacheza Uwanja wa Lumumba.

Yapo yanayouma, na siwezi kuyaruka. Umeme unakuja na kuondoka upendavyo. Barabara kadhaa za ndani zina mashimo ya kumeza gurudumu. Na ukitazama kuta vizuri, utaona makovu ya risasi na mabomu. Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, mitaa hii ilishuhudia mateka, makomandoo wa Ubelgiji na mauaji ya wageni na wenyeji. Juni 2000, kuanzia tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji ambao haukuwa wao, na mamia ya raia wakafa majumbani mwao. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya uvamizi wake wote, ya Kisangani yakiwemo. Kisangani huadhimisha Juni 5 kila mwaka. Yule mama wa Plateau Boyoma alinionyesha tundu moja juu ya mlango wa jikoni. Hajalipiga plasta. Nilipomuuliza, alisema wajukuu wake wanapaswa kuliona.

Ndiyo maana nashangilia kila ukuta uliosimama. Na ndiyo maana niliumia nilipoona, mitaa miwili mitatu, jumba la zamani limebomolewa matofali yake ya matundu na kuwekwa vioo vya bluu visivyofunguka, baraza limezibwa kuwa duka, mwembe umekatwa kupisha geti la chuma. Ndani ya nyumba hizo sasa kuna jenereta na kiyoyozi kinachokoroma, katika mji wenye mgao wa umeme! Enyi wenye nyumba za Makiso, mna mali ambayo pesa za leo haziwezi kuijenga tena. Msizibe matundu. Msikate miembe. Fundi akikuambia terazo limepitwa na wakati na akutandikie vigae, mfukuze. Na vijana wa usanifu wa Lubumbashi, Kampala, Nairobi na Dar, njooni na kanda za kupimia na kamera, mzichore nyumba hizi moja moja zikingali zimesimama, kwa idhini ya wenyewe.

Kwa anayetaka kwenda: ulizia kwanza hali ya usalama ya mashariki ya Kongo kabla ya kukata tiketi, maana mambo hubadilika. Beba dola safi, zisizo na mpasuko hata wa ncha, kwa sababu noti iliyochanika haipokelewi popote. Bangboka, bandarini na madarajani usipige picha bila ruhusa, na siku ya kuondoka weka pembeni fedha za Go Pass, ada ya uwanja wa ndege, kama bado inatozwa. Miezi ya Januari na Februari ina mvua kidogo kuliko mingine. Chukua chumba Makiso, kokote karibu na mto, ili asubuhi utoke kwa miguu kabla jua halijakomaa.

Ukifika Plateau Boyoma, piga hodi. Watafungua.